Maji ya Ruaha, Mshumaa wa Idodi

Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inashuka karibu njia nzima. Unaiacha baridi ya mlimani, unapita Kalenga ilikokuwa ngome ya Chifu Mkwawa, joto linaongezeka, mibuyu inaanza kujitokeza, na baadaye unaingia Idodi: nchi tambarare, majaruba ya mpunga, mifereji ya kumwagilia, mifugo, na magari ya watalii yanayotimua vumbi kuwahi tembo. Maji ya upande huu wote mwisho wake ni mto mmoja, Ruaha Mkuu. Mto huo unaingia bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo, unateremka mpaka Kidatu na kuizungusha tena, kisha unaungana na Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambako maji yaleyale hufanya kazi kwa mara ya tatu kabla ya kuiona bahari.

Idodi, basi, iko ndani ya bonde linaloiwashia nchi taa. Hata hivyo, karne nzima iliyopita na miaka kadhaa ya hii, taa ya nyumba nyingi za Idodi ilikuwa koroboi. Ili kuelewa mambo hayo mawili yaliwezaje kukaa pamoja, inabidi kupanda tena mlimani, kwenye vijito vya Iringa, Njombe na Mbeya, ambako mapadre, wanakijiji na wakulima wa chai walijitengenezea umeme wao mdogo, gridi ya taifa ikiwa bado haijawakumbuka.

Umeme wa mjini, 1908–1961

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908. Wajerumani waliufunga kwa ajili ya karakana za reli na mitaa walikokaa Wazungu. Mwaka 1931 Waingereza waliukabidhi kwa kampuni binafsi: DARESCO, iliyochukua Dar es Salaam, na TANESCO. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya umeme. Msomaji aikumbuke sheria hiyo, maana tutakutana nayo tena ikiwa kikongwe.

Nyanda za Juu Kusini zilipata zamu yao baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 mtambo wa maji wa Tosamaganga, kwenye Ruaha Mdogo karibu na mji wa Iringa, ulianza kazi ukiwa na uwezo wa megawati 1.2 hivi. Mwaka 1958 Mbeya nayo ikapata wake Mbalizi, wa kilowati 340. Wakati ule hapakuwa na waya uliounganisha Iringa na Mbeya, wala Iringa na Dar es Salaam. Kila mji ulikuwa na mtambo wake, nguzo zake na mafundi wake. Kwa lugha ya leo, zile zote zilikuwa gridi ndogo. Tumezoea kudhani kwamba gridi kubwa ndiyo mama na hizi ndogo ni watoto wa mitaani. Kwa kuzaliwa, ndogo ndiyo iliyotangulia.

Tofauti ni kwamba gridi ndogo ya mkoloni ilijua inamwashia nani: boma, hospitali ya serikali, maduka, nyumba za maofisa. Mwanakijiji aliyekaa jirani na Tosamaganga aliisikia mashine ikivuma na akaziona nguzo zikiipa kisogo nyumba yake kuelekea mjini. Idodi ilikuwa mbali hata na huo mvumo.

Maporomoko ya mapadre, 1962–1979

Baada ya uhuru kazi ya umeme vijijini ilifanywa zaidi na misheni, na sababu yake ilikuwa hospitali. Huwezi kumpasua mgonjwa kwa kandili na ukatarajia mema kila mara. Peramiho kule Songea ilipata mtambo wake mwaka 1962, Rungwe mwaka 1964 wa kilowati 21 tu, Isoko katika milima ya Ileje mwaka 1973, na Lugarawa kule Ludewa mwaka 1979, huo ukiwa mkubwa kwa kipimo cha misheni, kilowati 140.

Mtambo wa namna hii hauna siri kubwa. Unajenga banio kwenye kijito, unachepusha maji kwenye mfereji unaofuata ubavu wa mlima, kisha unayaangusha ndani ya bomba mpaka kwenye kibanda cha mashine kule chini. Maji hayapotei; yakimaliza kuzungusha hurudi mtoni. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 30 zinakupa kama kilowati 20, ambazo kwa zahanati, karakana ya useremala na taa za shule ni mali nyingi.

Tatizo liko kwenye neno kuanguka. Milima ya Njombe, Ludewa, Makete na Rungwe imejaa maporomoko, na mvua yake haina haraka ya kukoma. Idodi ina maji, lakini hayaanguki. Yanatambaa kwenye mifereji kwenda kwenye mpunga, na kiangazi kikikolea yanagombaniwa. Kwa hiyo mtu wa Idodi alikosa vitu viwili vilivyoleta umeme mlimani: alikosa poromoko, na alikosa padre mwenye fundi wa Kijerumani au Kitaliano nyuma yake.

Serikali nayo ilikuwa na mitambo ya aina hiyo pale ilipokuwa na shughuli yake. Shamba la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China, lilikuwa na mtambo wake wa maji tangu miaka ya 1970. Mpunga wa serikali ulipata umeme. Mpunga wa mkulima mdogo ulipata jua.

Kijiji kinakusanywa, mto unafungwa, 1964–1988

Katika miaka hiyo mambo makubwa mawili yalilikumba bonde la Ruaha Mkuu, na yote mawili yalipangwa mbali na hapo.

La kwanza lilihusu watu. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964, na nchi iliyokuwa ya kuwinda, kuchunga na kurina asali ikawekewa mpaka. Miaka kumi baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu waliokuwa wametawanyika wakakusanywa kando ya barabara. Mengi yamesemwa juu ya operesheni ile na sera ya ujamaa iliyoizaa, na machungu ya sera hiyo Iringa ilikuwa imeyajua mapema. Ni Isimani, tarafa ya jirani, ambako Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Kwa upande wa umeme, hata hivyo, Operesheni Vijiji ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: ilizipanga nyumba karibukaribu. Nguzo ni ghali, na kijiji kilichokaa kwa mstari huhitaji chache. Miaka arobaini baadaye kila mchoraji wa ramani ya umeme angenufaika na mistari ile, na kila aliyebaki shambani, nje ya mstari, angeachwa.

La pili lilihusu maji. Mwaka 1975 Kidatu ilianza kuzalisha, kwa fedha za Sweden na Benki ya Dunia, na ilipokamilika mwaka 1980 ilifikia megawati 204. Mwaka huohuo bwawa la Mtera likakamilika ili kuihifadhia Kidatu maji ya kiangazi, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikafungiwa mitambo ya megawati 80. TANESCO, iliyokuwa mali ya serikali yote tangu 1975, iligeuza macho yake huko. Kwa nini uhangaike na mtambo wa kilowati 21 wa Rungwe wakati Kidatu peke yake ilikuwa karibu mara elfu kumi ya huo? Waya mkubwa ulielekea Morogoro na Dar es Salaam kwenye viwanda, na katika miaka ya 1980 ukapanda Iringa, Mufindi hadi Mbeya.

Mimi siwalaumu wahandisi wa wakati ule. Nchi changa ilitaka viwanda, na viwanda havisubiri. Lakini mpango wa gridi kubwa uliacha jambo moja bila jibu: baada ya kiwanda kuwaka, ni lini waya utarudi nyuma kwenye kijiji ambacho maji yake ndiyo hayo? Kwenye msongo wa kilovolti 220 huwezi kumchomolea mwanakijiji balbu mbili. Panahitajika kituo cha kupoozea umeme, laini ya kati, transfoma, na mteja wa kulipia yote hayo. Mkulima wa mpunga wa Idodi hakuwa mteja huyo.

Ipo kejeli nyingine. Sehemu kubwa ya nguzo za umeme zilizosimikwa nchini zimetoka kwenye misitu ya Mufindi, ukiwemo ule wa Sao Hill. Mkoa wa Iringa umetoa maji, umetoa na miti.

Matembwe, kijiji chenye hisa

Wakati gridi kubwa ikienda mjini, kulikuwa na jaribio dogo Njombe ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko umaarufu wake. Katikati ya miaka ya 1980 shirika la CEFA la Bologna, Italia, lilijenga mtambo wa maji wa zaidi kidogo ya kilowati 100 katika kijiji cha Matembwe. Mitambo ya misheni ilikuwa mali ya misheni. Matembwe walianzisha kampuni, na kijiji chenyewe kikawa na hisa ndani yake.

Kampuni ile haikuuza umeme tu. Ilitotolesha vifaranga, ikasaga chakula cha kuku, ikachana mbao. Hapo ndipo palipo akili ya mradi. Taa za nyumbani huwaka kwa muda wa saa nne hivi jioni, na mchana kutwa maji yanapita bure. Mashine ya kutotolesha vifaranga haizimwi usiku wala mchana, na ndiyo iliyolipia matengenezo ambayo ankara za balbu zisingeweza. Baadaye CEFA walirudia mtindo huo Bomalang'ombe, kwenye milima ya Kilolo, na Ikondo kule Njombe.

Mto unakauka, sheria inabadilika, 1992–2008

Mwaka 1992 sera ya nishati ilifungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Mwaka uliofuata Ruaha Mkuu, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za hifadhi, ulikatika kabisa wakati wa kiangazi. Viboko walibaki kwenye madimbwi. Mtera ilishuka, mgawo wa umeme ukaingia mijini, na kidole kikaelekezwa juu ya mto, kwa wakulima na wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 mambo yalirudi vibaya zaidi: ukame, giza Dar es Salaam, mifugo ikaondolewa Usangu, na mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambao mwaka 2008 ulimng'oa Waziri Mkuu. Mtu wa bondeni aliyesikiliza redio ya betri aliambiwa kwamba mfereji wake unaizimia nchi taa ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo.

Migawo hiyo, tangu ule wa kwanza, ilitikisa imani kwamba mabwawa mawili na kampuni moja vinatosha. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, ikaunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na mfuko wake; wakala ukaanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Umeme, na ile ya 1931 ikazikwa ikiwa na miaka 77. Chini ya sheria mpya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikatoa kanuni za wazalishaji wadogo, wale wasiozidi megawati 10. Aliye chini ya megawati moja hakuhitaji leseni. Aliye chini ya kilowati 100 hakulazimika hata kupeleka bei yake EWURA kwanza. Mkataba wa kuiuzia TANESCO ulikuwa umeshaandikwa, mtu anajaza tu. Afrika ilikuwa na nchi chache sana zenye kanuni rahisi namna hiyo.

Agosti 2009

Usiku wa kuamkia Jumapili, mwishoni mwa Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliteketea kwa moto. Wanafunzi 12 walikufa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku.

Sina la kuongeza juu ya msiba wenyewe. Wapo wazazi wanaoubeba. Kwa historia hii naeleza tu mshumaa ule ulikuwa mahali gani. Upande mmoja kulikuwa na mto ulioendesha mitambo ya megawati 284 kwenye mabwawa mawili. Upande wa pili kulikuwa na kanuni mpya zikimwalika yeyote mwenye mtaji ajenge gridi ndogo kijijini. Katikati kulikuwa na shule ya bweni ambayo usiku mtoto aliyetaka kusoma alijiwashia mwenyewe.

Chai, umoja na jua, 2010–2016

Waliojibu mwaliko wa kwanza walikuwa walewale wenye maporomoko. Kule Ludewa, shirika la Kitaliano la ACRA, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilijenga mtambo wa kilowati 300 uliohudumia Lupande, Madunda na Mawengi na majirani zao. Ukitunga silabi za kwanza unapata LUMAMA, jina la chama cha watumiaji kilichokabidhiwa kuuendesha. Mufindi, mwaka 2012, kampuni ya Rift Valley Energy ilifungua Mwenga, megawati 4, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na REA. Viwanda vya chai vilipata umeme wa uhakika, ziada ikauzwa TANESCO, na kampuni ikavuta waya wake yenyewe kwenda vijiji zaidi ya kumi vya jirani. Chai ilifanya Mufindi kazi ileile iliyofanywa na vifaranga Matembwe.

Nchi tambarare ilisubiri kitu kingine: bei ya paneli za jua, ambayo ilianza kuporomoka kwa kasi baada ya 2009. Jua halihitaji poromoko, na Idodi, Pawaga na Mbarali zina jua la kugawa. Mwaka 2012 kampuni ya Devergy ilianzia Matebete, kijiji cha Mbarali, kwa mtandao mdogo sana wa sola: paneli juu ya milingoti michache, betri, waya mwembamba wa volti 24, na mteja analipia kidogokidogo kwa simu. Uliwasha balbu, redio, chaja na televisheni ndogo. Haukusaga mahindi. Hapo mabishano yalianzia: je, huo ni umeme, au ni koroboi iliyosoma? Mama wa nyumbani angejibu kwa namna yake, maana yeye ndiye hununua mafuta ya taa. Mwenye mashine ya kusaga angejibu kwa namna nyingine.

Kufikia 2016 zilihesabiwa gridi ndogo zisizopungua 109 nchini, zenye jumla ya megawati zipatazo 158 na wateja karibu 184,000. Hesabu hiyo isomwe kwa uangalifu. Wengi wa wateja hao walikuwa wa vituo vya dizeli vya TANESCO yenyewe, kwenye miji ya pembezoni ambayo gridi ya taifa ilikuwa haijaifikia.

Shilingi mia, 2017–2020

Kisha REA ikaja kwa kishindo. Kuunganishiwa umeme kijijini kulishuka hadi shilingi 27,000, na aliyeshindwa gharama za wayaringi aliweza kupata kifaa cha UMETA, kibao chenye swichi na soketi tayari. Mteja mdogo wa TANESCO alilipa shilingi 100 kwa uniti. Ruzuku ilikuwa ndani yake, lakini mteja haoni ruzuku, anaona Luku yake inakaa.

Gridi ndogo za sola, zilizojengwa kwa mikopo na betri za kuagiza, zilitoza zaidi ya shilingi 1,000 kwa uniti hiyohiyo. Mwaka 2020 Waziri wa Nishati, Medard Kalemani, aliagiza wote watoze bei ya TANESCO. Wanakijiji walishangilia, na walikuwa na haki: kwa nini maskini wa kijijini alipe zaidi ya tajiri wa Masaki, Dar es Salaam? Wawekezaji walisema kwamba kwa bei hiyo hawawezi hata kubadilisha betri, na wao pia walisema kweli. Kosa, naona, lilikuwa kuipa TANESCO ruzuku na kumdai mwingine bei ileile bila ruzuku. Kampuni zilipunguza mwendo, na fedha zilizokuwa zinakuja zikatafuta nchi nyingine.

Waliosalimika vizuri zaidi walikuwa wa zamani, wenye maji yanayoanguka na mteja mkubwa. Kanuni za 2015 zilikuwa zimewapa njia waya wa taifa ukiwafikia: uiuzie TANESCO umeme wako, au ununue wake na uusambaze, au uuze nguzo zako ulipwe fidia. Mwenga ilikuwa imeshaichagua njia ya kwanza tangu siku iliyofunguliwa, na mwaka 2020 ikaongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4 kwenye vilima vya Mufindi.

Kijiji na kitongoji

Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, mmoja kati ya tisa, na bwawa zima ni la megawati 2,115. Nchi ikawa na umeme mwingi kuliko matumizi yake, na sehemu ya maji ya bwawa hilo imepita Ruaha. Katika kipindi hichohicho serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa.

Kufikiwa, kwa hesabu hiyo, ni kijiji kuwa na transfoma na nguzo zake za kwanza, mara nyingi kando ya barabara, pale Operesheni Vijiji ilipozipanga nyumba. Nguzo za kuingia ndani, kwenye vitongoji, kwenye mabanio na mashamba walikohamia watoto wa waliokusanywa mwaka 1974, ni hesabu nyingine. Tanzania Bara ina vitongoji 64,359, na mwishoni mwa mwaka 2024 karibu nusu yake vilikuwa bado havijawashwa.